Ndoo za Majirani

Saa nane na robo. Sikuamshwa na mtu.
Jogoo wa kwa Mpota bado amelala, mpumbavu,
na kazi hiyo ndiyo aliyoumbiwa.

Miaka thelathini na mmoja nilibishiwa hodi usiku:
Nesi Asumini, amka, uchungu umemshika!
Nikitafuta viatu gizani kwa vidole vya miguu,
nikienda na tochi hadi wodi ya wazazi
huku ukungu wa Ruvuma umepanda kutoka bondeni
na Newala yote imekuwa maziwa.
Enzi hizo usingizi niliuiba:
kwenye benchi, kati ya uchungu na uchungu,
dakika kumi, tamu kushinda bibo lililoiva.

Sasa nimestaafu. Kitanda changu peke yangu,
godoro jipya, Mahadhi kalileta toka Masasi juu ya pikipiki,
na usingizi unanipitia kama mtu ninayemdai:
unachungulia, unaniona,
unageuza njia.

Daktari kijana
(alizaliwa mikononi mwangu, katanguliza miguu, simkumbushi)
kasema, Bibi, acha chai ya jioni, acha na simu kitandani.
Chai nimeacha. Simu yangu ina tochi na redio,
sijui niache kipi.
Nimevuta tasbihi. Nimehesabu mikorosho ya marehemu,
safu kwa safu, hadi mpakani kwa kina Nandonde,
nikafika kwenye ule mti tuliogombania,
hasira zikanipanda upya
na usingizi ukaenda arijojo.

Basi siku hizi silazimishi.
Natoka na sweta na kanga mbili,
baridi ya Julai huku juu haina adabu,
nakaa juu ya kinu kilicholazwa.
Ng'ambo ya ua wa mianzi Mzee Chilumba anakohoa.
Mara moja: niko macho.
Mara mbili: goti.
Nami nagonga kifuniko cha ndoo, nimesikia.
Mchana tukikutana njiani tunaulizana habari za korosho,
kama watu wasiojuana.

Juzi hakukohoa.
Nikagonga kifuniko. Kimya.
Nikagonga tena.
Mshahara hukoma, moyo wa nesi haustaafu:
nikazunguka ua, tochi mkononi, miguu imelowa umande,
nikatega sikio dirishani kwake.
Anakoroma.
Anakoroma, jamani, kama mashine ya kupulizia salfa!
Nilirudi na wivu
ambao marehemu hakuwahi kunitia, na alijitahidi.

Nilikuwa bado nimenuna bomba lilipopiga chafya.
Huku kwetu maji yako chini sana,
hupandishwa kilimani kwa mashine, kwa mgao,
na mgao hauulizi nani kalala.
Kwanza hewa. Kisha kutu.
Pumzi fupi, kimya, pumzi fupi.
Naijua sauti hiyo. Nikainama, nikakunja mikono ya sweta,
nikajikuta nasema, haya mama, haya, usiogope,
na maji yakaja yote kwa mkupuo.

Ndoo zilikuwa zimepangwa mlangoni pangu toka magharibi.
Siku hizi ndivyo, hakuna aliyeniomba wala aliyeamua.
Ya bluu ya mama Shadida, mwenye pacha wanaonyonya.
Ile ya rangi ya nyumba ya mwalimu Hokororo,
bado ina alama ya krimu ukingoni.
Dumu la Chilumba, lisilo na mfuniko, kaliziba kwa gunzi.
Nikajaza moja moja. Nikaelezea majani juu, yasimwagike.
Viganja vikafa ganzi kwa baridi
na kwa mara ya kwanza wiki hiyo nikapiga miayo.

Asubuhi wakija kuzichukua wataniuliza, Bibi, umelala?
Nitasema nimelala, kidogo.
Zote nimeziacha mlangoni,
isipokuwa dumu la Chilumba. Hilo nimeliingiza ndani,
limejaa hadi shingoni.
Aje alifuate mwenyewe, na goti lake,
anieleze alilalaje.